Sanduku Linalosimama kwa Rangi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeona kitu. Nilikuwa namwagilia spinachi za Mama Mkubwa kwenye sanduku la mbao nililomtengenezea, lile refu la kufika kiunoni. Kwenye mguu mmoja kuna mstari wa udongo, mwembamba kama kamba ya kiatu, unapanda kutoka chini. Nikaukwangua kwa ukucha. Ndani — barabara! Mchwa wanapanda, wengine wanashuka, hawagongani. Kwenye tundu nililotoboa wakatokea wenye vichwa vikubwa, wakasimama zamu. Nyuma yao wadogo wanaziba kwa tope, tone kwa tone. Maji hayajaisha kwenye ndoo, tundu limeshazibwa.

Sijamwambia mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimegonga ubao wa mbele. Unalia vibaya. Kwa macho ni mzima kabisa, rangi ya bluu inang'aa, niliipaka mwenyewe. Nikabonyeza pembeni — kidole kikazama. Yaani wamekula mbao wakaacha rangi! Na hawajaitoboa hata mahali pamoja. Wanajuaje rangi inaanzia wapi? Nimewaangalia kwa karibu, hawa wadogo hata macho siyaoni.

Nimeziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Nayo ni ya bluu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda kwa fundi seremala wa pale kona. Nilisimama mlangoni kimya mpaka akaniuliza kama nimekuja kupimwa jeneza. Nikamweleza. Akacheka, akasema kumbe sikujenga sanduku, nilipika. Zile mbao nilizobomoa kwenye kreti za mizigo ni laini, kwa mchwa ni mkate. Kuna wanaopaka oili chafu, lakini hapo pana mboga za kuliwa, nisithubutu. Dawa ya wadudu hivyohivyo. Dawa yake ni kubomoa, kufunga mbao ngumu, miguu ikae juu ya mawe. Jumatatu anakuja nazo. Akauliza kama nimemwambia mwenyewe.

Namwambia vipi? Tangu apate kiharusi Mama Mkubwa alikuwa wa kitandani na kitini. Kuinama hawezi. Sanduku hili ndilo lililomtoa ndani. Anakuja ameshika ukuta, akifika anashika ukingo, anasimama. Peke yake! Anapalilia kwa mkono mmoja huku anaimba. Na binti yake, Dada, ameshasema: akianguka tena, anamchukua kwake, ghorofa ya juu kabisa, hakuna hata pa kuanika nguo.

Nimemdanganya kwamba nimeweka mbolea kali, asiguse mpaka Jumatatu. Akaniangalia sana. Akasema haya, bwana shamba.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoa sabuni nichungulie. Nilidhani ndani kuna uwazi mtupu. Siyo! Walipokula, wamejaza udongo. Vyumba vyumba, kuta nyembamba, ngumu kama kigae, zimefuata umbo la ubao wangu mpaka kwenye misumari. Misumari yangu inashikwa na udongo wao. Mboga zote zile, maji, mzigo wote — umebebwa na udongo na mate ya mchwa. Mimi nilipoliunga sanduku hili lilikuwa linayumba. Sasa haliyumbi.

Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumapili, 9 Machi

Dada kaja bila taarifa. Hajakaa hata, Mama Mkubwa anamwambia twende uani nikuonyeshe ninavyosimama. Nikatangulia mbio, nikakaa chini, mgongo kwenye ubao, daftari magotini kama mtu mwenye shughuli zake. Ndipo nilipo sasa.

Akaja ameshika ukuta. Akashika ukingo. Uzito ukashuka kwenye mabega yangu, na ndani ya ubao kitu kikalia kri, kama mtu anatafuna karanga. Halafu kimya. Limesimama! Sijui ni mimi, sijui ni wao.

Dada alimwangalia mama yake. Akafuta macho, akaenda ndani kufuata simu.

Mama Mkubwa akanong'ona, uso kaelekeza mbele.

"Wamefika wapi?"

"Wamemaliza, Mama. Imebaki rangi."

"Niliiona sabuni yako. Basi usinyanyuke mpaka aondoke."

Mchwa mmoja anatembea kwenye shati langu. Ana tone la tope mdomoni, anatafuta pa kuliweka.

Dada amerudi. Anataka picha na mama yake, na yeye aegemee hapohapo. Ananinyooshea simu, ninyanyuke niwapige. Mama Mkubwa anang'oa gugu kwenye spinachi. Dada anauliza naandika nini kisichoisha.

Bado naandika.