Nimemkata Tarek Kwenye Picha

Alhamisi, Julai. Granville. Mvua tangu alfajiri, baridi ya kuuma vidole, na hita ya chumbani kwangu imekufa tangu juzi.

Leo siendi kazini. Kwenye kiwanda cha mikate nilipangiwa zamu ya asubuhi, nikatuma ujumbe kwamba naumwa. Siumwi. Nimekaa kitandani na koti langu, nawasha simu, naizima, naiwasha tena.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni Mmisri, na mama yangu ni mtu wa Tanga aliyekwenda Kairo kusoma akaolewa huko huko. Kiswahili ndiyo lugha ya jikoni kwetu. Naandika blogu hii kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mapenzi. Ya pili ni woga: wale ninaowaogopa hawakisomi, au ndivyo ninavyojidanganya. Wamisri wako wengi hapa Sydney na mimi nawakwepa wote, hata yule muuza maharage ambaye hajanikosea kitu.

Niliingia Australia kwa viza ya mwanafunzi, nikaomba hifadhi kabla haijaisha. Nikitoka nje ya nchi sasa, huenda nisiruhusiwe kurudi. Nikienda kwetu, sijui ni nani atanipokea pale uwanja wa ndege. Dada yangu ameolewa, na mimi nilihudhuria kwa simu waliyoiegemeza kwenye jagi la maji, nikaona migongo ya watu na dari. Zaidi ya hapo maisha yangu ni treni ya kwenda na kurudi.

Nimefungiwa ndani ya nchi kubwa kuliko zote nilizowahi kukanyaga.

Wakili wangu yuko Fairfield, kwenye ofisi inayosaidia wakimbizi bila malipo. Ni mama wa makamo, mpole, anayeandika kila neno. Jumatatu aliniuliza nina ushahidi gani kwamba niliandamana kuipinga serikali kule kwetu. Picha, video, ujumbe, chochote. Mahojiano yangu na watu wa uhamiaji yamekaribia, na alitaka kila kitu kiwe mezani kwake ifikapo Ijumaa, yaani kesho.

Nilicheka. Nadhani alidhani namdharau.

Sina hata picha moja. Kule kwetu polisi wakikusimamisha barabarani, kitu cha kwanza wanachotaka ni simu, na picha moja inatosha kukupoteza. Kwa hiyo tulikuwa tunafuta. Tulifuta kabla ya kutoka nyumbani, tukafuta tena kabla ya kurudi, na mimi ndiye niliyekuwa mnoko wa kuwakumbusha wenzangu. Siku ya kusafiri niliingia choo cha uwanja wa ndege nikafuta kila kilichobaki, hata namba za watu, hata picha za chakula. Nilipanda ndege najisifu. Sasa nimefika mahali ambapo wanataka kuona vile vile nilivyovifuta, na sina cha kuwapa.

Jumanne nilimweleza mama. Akakiri kwamba picha moja anayo. Niliwahi kumtumia, nikamwambia afute, akaniambia amefuta. Kumbe aliihamishia kwenye simu yake ya zamani, akaifukia kabatini chini ya khanga zake. Kisa? Shuka.

Ni kweli. Kwenye picha ile mimi na rafiki yangu tumeshika shuka tulilolifanya bango, tumeliandika kwa rangi nyekundu. Lilikuwa shuka jeupe la mama, la kudarizi, alilotumiwa na bibi kutoka Tanga alipoolewa. Alilitafuta wiki nzima, akamshuku hadi jirani. Picha aliiweka ili siku moja anisute nayo. Aliniambia angenisuta siku ya harusi yangu, akacheka, kisha akalia, nami nikajifanya mtandao unakatika.

Huyo rafiki nitamwita Tarek. Tulikaa mtaa mmoja, tukasoma darasa moja. Siku chache baada ya picha ile alikamatwa, akakaa ndani miezi mingi. Sasa ametoka, lakini kila wiki anaripoti kituo cha polisi, na mchana anauza misumari na rangi kwenye duka la mjomba wake. Kwenye picha, uso wake unaonekana vizuri kuliko wangu. Anacheka na meno yote.

Nilimpigia wakili. Akaniambia faili ni siri, serikali ya kwetu haionyeshwi. Yeye namwamini. Ninachoshindwa kuamini ni kwamba duniani kuna ofisi inayotunza siri. Mtu aliyekulia nilikokulia hana mahali pa kuiweka imani hiyo. Nikamuuliza, je, wakitaka kujua huyu wa pili ni nani? Akasema itabidi niseme kweli.

Jana mchana, mama aliponitumia picha, nikamkata Tarek. Kazi ya dakika moja, kwa kidole. Nikabaki mimi peke yangu na nusu ya shuka na nusu ya maandishi, na pale ukingoni vikabaki vidole vinne vya mkono wake. Nikaituma kwa wakili hivyo hivyo. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, mtoto wa watu nimeshamtoa.

Jioni Bi Rukia alinikuta jikoni nikikoroga chai niliyosahau kuitia sukari. Ni mama wa Mombasa, nimepanga chumba kwake. Nikamwonyesha. Akaisogeza simu karibu na macho.

"Na hivi vidole ni vya nani?"

Nikamweleza.

"Sasa huyo lawyer atakusaidia vipi na wewe wampa story nusu nusu? Mficha uchi hazai, mwanangu."

Binti yake, ambaye anaelewa kila kitu ila hujibu kwa Kiingereza, alichungulia mara moja tu. "Looks fake, hey," akasema, akaondoka na biskuti zake. Na kweli, inaonekana ya kughushi.

Asubuhi hii nimekuta ujumbe wa sauti wa mama, dakika sita. Kumbe jana alikwenda kwa kina Tarek. Sikumtuma. Kwa mama, mambo ya mtoto wa mtu hayazungumzwi kwa simu, wala huyaamui bila kwenda kukaa sebuleni kwa mamake. Alikwenda na sahani ya vitumbua, akanywa chai, akaeleza: mwanangu ana picha, na mwanao yumo, lakini msihofu, amemkata. Alidhani anawapelekea habari njema.

Mama yake Tarek alishukuru. Tarek, aliyekuwa mlangoni akivua viatu, hakushukuru. Alikuja akakaa, akasema maneno ambayo mama amenirudishia kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayebeba kitu kizito kwenye ngazi:

"Mwambie anirudishe. Tangu nitoke, mchumba wangu amefuta picha zetu. Binamu zangu wamenikata kwenye picha za harusi. Hata yeye, mbali kote huko? Kule ndani waliniuliza kuhusu yeye kila siku, na sikumtaja."

Nimeusikiliza mara nne.

Ruhusa yake hainiondolei hofu. Bado yeye yuko kule na mimi niko huku. Lakini nimeishiwa na kisingizio, na ngoja nikiri hapa ambako nina ujasiri kidogo: sikumkata kwa ajili yake tu. Wakiuliza ni nani, swali litakalofuata ni yuko wapi. Nitasema alikamatwa. Nitasema wiki tatu baadaye nilipanda ndege, na katika wiki hizo tatu sikugonga mlango wa mama yake hata mara moja. Nilikuwa nazunguka barabara ya nyuma ili asinione dirishani. Nilijiambia ni usalama. Ilikuwa aibu, na imenifuata mpaka Granville.

Nimemwandikia wakili kwamba picha ya jana aiweke kando, kesho saa nne nakuja na picha nzima na mengine ambayo sikumwambia. Amejibu haraka: vizuri, ukipata nafasi anza kuyaandika mwenyewe, hata kwa ufupi.

Najaribu tangu saa mbili. Nimeandika mara tatu na kufuta mara tatu, maana kila nikianza naanza na mimi: mimi nilishika shuka, mimi niliogopa, mimi niliondoka.

Kesho nitaanza na yeye.