Alama Kumi na Nne Kwenye Mlango wa Stoo

MAELEZO YA SHAHIDI

Tarehe 3 Juni, Alhamisi, saa nne na robo asubuhi.
Kwa Afande Mpelelezi, chumba namba sita.

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, kazini naitwa Mama Stoo.
Umri: miaka arobaini na sita.
Kazi: mtunza stoo, saiti ya jengo la ghorofa tatu nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Makazi: nyumba za kupanga karibu na tangi la maji, chumba cha pili kutoka bombani.
Uhusiano na marehemu: dada yake, tumbo moja.

Nimeambiwa niseme niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, na nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa.

Marehemu alikuwa mdogo wangu, fundi wa mbao na mirunda, yaani zile nguzo za muda zinazoshikilia slabu mpaka zege likomae. Saiti nzima walimwita Pima, kwa sababu hakukata ubao kabla ya kuupima mara mbili. Mimi alizoea kuniita Mheshimiwa Waziri wa Misumari.

Mnamo tarehe 11 Mei, siku ya Jumanne, tulimwaga zege la slabu ya ghorofa ya kwanza. Injinia alikuwepo tangu asubuhi. Jioni, kabla ya kuondoka, aliwaambia mafundi mbele yangu, "Siku ishirini na moja. Mtu asiguse mrunda hata mmoja." Kesho yake alihamishiwa saiti nyingine, akawa anatuma ratiba kwa kompyuta. Msimamizi wetu aliifungua kwenye kompyuta ya saiti, iliyoko mezani kwangu, akaichapa na kuibandika ukutani.

Ratiba za zamani zilikuwa na tarehe. Hii mpya ilikuwa na namba za wiki tu. Mstari wa slabu ulisomeka: "Wiki 22, Jumanne, kutoa mirunda."

Pima hakuipenda. Kila asubuhi alipokuja kuchukua vifaa alichora mstari mmoja wa chaki nyuma ya mlango wa stoo, mstari kwa kila siku ya zege. Jumapili hatufanyi kazi, kwa hiyo Jumatatu alichora miwili. Nilimgombeza kwamba ananichafulia mlango. Akasema, "Mheshimiwa, wewe ndiye uliyenifundisha."

Ni kweli. Alipokuwa mdogo aliniuliza Jumatatu ni ya tatu kutoka wapi. Nikampangia vizibo vya soda sakafuni: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Alikuja kunicheka ukubwani alipoona kompyuta ya saiti inaanza wiki Jumapili. "Dada, hii mashine haikulelewa na wewe."

Mnamo tarehe 25 Mei, siku ya Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, msimamizi aliingia stoo akaniambia nitoe mitaimbo minne na nyundo, mirunda ya slabu inatolewa leo. Pima alikuwa nyuma yake, chaki mkononi. Alimaliza kuchora mstari wake, akahesabu kwa kidole, akasema, "Bosi, leo ni kumi na nne."

Msimamizi akasema, "Karatasi inasema wiki ya ishirini na mbili, Jumanne. Leo ni Jumanne, na wiki ndiyo hiyo. Au wewe umekuwa injinia?"

"Mimi ni fundi tu, bosi. Lakini zege halisomi karatasi. Na juu mmeshapandisha matofali tangu jana."

"Mpigie basi injinia wako."

Pima alipiga mara mbili. Simu haikupokelewa. Msimamizi akasema asiyetaka kazi aseme, mafundi wako wengi getini. Kisha akatoka.

Pima akanigeukia. Akasema, "Dada, hebu nihesabie. Labda mimi ndiye niliyekosea."

Afande, hapa naomba uandike nilivyosema, usipunguze. Nilifungua kalenda ya kompyuta. Ilionyesha tarehe 23 hadi 29 Mei, wiki ya 22. Nilimwambia, "Ni hii hii, mdogo wangu. Nenda tu, usije ukakosa kazi bure." Sikuangalia mlango. Nilikuwa nimesimama nao ubavuni, ningegeuza shingo tu.

Alichukua mtaimbo mmoja, akaacha mitatu. Aliwaambia wenzake, "Nyinyi subirini nje kwanza. Naanza mwenyewe na ya katikati, nisikilize slabu inasemaje." Alivaa helmeti yake. Kwenye mlango aligeuka akaniambia, "Waziri, uniandikie mtaimbo mmoja, usije ukanidai minne." Nikaandika: mtaimbo mmoja, Pima, saa mbili kasoro dakika tano.

Saa mbili na dakika ishirini nilisikia kama mbao nyingi zinavunjwa kwa pamoja. Kikombe changu kilianguka mezani. Nilipotoka nje vumbi lilikuwa limefunika mpaka getini, na slabu haikuwepo juu. Niliita jina lake la nyumbani, lile ambalo pale kazini hakuna aliyelijua. Hakuitika. Walimtoa saa tano na nusu. Sikuruhusiwa kumwona uso. Nilimtambua kwa kiatu cha kushoto, alichokuwa amekifunga kwa waya wa kusukia nondo, niliokuwa nimempa mwenyewe stoo.

Mnamo tarehe 28 Mei, siku ya Ijumaa, injinia alikuja saiti na kompyuta yake ya kubebea. Aliiweka mezani kwangu kando ya ile ya saiti, akafungua ratiba ileile. Kwake, wiki ya 22 ilianza Jumatatu tarehe 31 Mei. Aliangalia ya kwanza, akaangalia ya pili, akaketi juu ya gunia la saruji.

Nilimwomba anieleze, naye akanieleza. Mwaka huu ulianza Ijumaa. Kompyuta ya saiti ilizihesabu zile siku mbili za mwanzo, Ijumaa na Jumamosi, kuwa wiki ya kwanza. Ya kwake iliziacha zibaki na mwaka uliopita, ikaanza kuhesabu Jumatatu iliyofuata. Tangu hapo zimepishana wiki nzima, na hakuna aliyeziweka pamoja. Alisema, "Mama, hakuna kompyuta iliyokosea. Mimi ndiye sikuandika tarehe." Kisha akaniomba maji.

Sisemi msimamizi alikuwa na nia mbaya. Lakini nimesikia ameandikisha kwamba Pima alitoa mirunda kwa hiari yake, kwa haraka zake, na kwamba hakuna aliyepinga. Hilo si kweli. Mdogo wangu ana watoto wawili. Wa kwanza ameshaanza kusoma. Sitaki siku moja akute imeandikwa kwamba baba yake aliuawa na haraka. Hata mafundi wenzake walipochimba kaburi walipima mara mbili, na hakuna aliyewaambia.

Juzi Jumanne, tarehe 1 Juni, ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya ishirini na moja. Nilifungua stoo saa moja kama kawaida. Ile karatasi haikuwepo ukutani. Fundi wa rangi alikuja na kopo, akasema ametumwa apake mlango wangu upya. Nilimwambia mlango wangu hauumwi. Nikaegemeza kiti, nikakaa hapo mpaka jioni. Ufunguo ninao hapa.

Naomba mtume mtu akaone kabla hawajavunja kufuli. Daftari la stoo nimelileta, ukurasa wa tarehe 25 una mtaimbo mmoja ambao haujarudishwa. Na mimi mniandike pia, kwamba nilimwambia nenda.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa, nayo ni yangu. Sina ombi jingine ila mdogo wangu akumbukwe kwamba alihesabu, na alihesabu sawa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi. Saa saba mchana nilifika saiti pamoja naye, akafungua stoo. Nyuma ya mlango nimekuta mistari ya chaki, miwili miwili katika sehemu mbili, mingine mmoja mmoja. Nimeihesabu mara mbili. Ni kumi na nne. Mlango umeng'olewa na kuletwa kituoni kama kielelezo.