Bibi Yake Torgrimu

Jumatatu, 5 Mei

Vichwa vitatu saluni kabla ya saa nane mchana. Viwili rasta, kimoja kufumua tu. Vidole vinauma. Kisha basi hadi Braamfontein, humu humu Johannesburg, studio, ukurasa wa sitini na moja. Torgrimu bado anatembea kwenye theluji. Wiki ya sita sasa anatembea, na mimi ndiye ninayemsemesha Kiswahili.

Filamu yenyewe: Torgrimu ni mpiganaji wa kale wa kaskazini kule kwenye mashoka na meli ndefu. Asgeiri, ndugu yake wa kuchanjiana damu, amemuulia mke. Basi anamsaka. Njiani kuna mungu mwenye jicho moja, kunguru wawili wambea wanaompelekea habari, na mbwa mwitu anayetaka kulimeza jua. Leo nimehangaika saa nzima na ule ukumbi ambamo mashujaa waliokufa wanakula na kunywa na mungu wao. Nikiandika “peponi” watanuna wa msikitini. Nikiandika “mbinguni” watanuna wa kanisani. Nimeandika “ukumbi wa mashujaa”. Nimejipongeza mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kunipongeza.

Jumanne, 6 Mei

Byamungu amerekodi kurasa ishirini. Yeye ndiye sauti ya Torgrimu. Mkongo wa Bukavu, mlinzi wa ghorofa moja Hillbrow. Mimi ndiye niliyempeleka studio. Nilimjua kupitia mkewe, mteja wangu, na miaka minne sasa ananiita dada.

Wanunuzi wa televisheni wanakuja kutoka Dar Jumatano ijayo. Wakiipenda hii kuna filamu nyingine kumi na mbili, na Byamungu ataacha kulinda geti. Ameshamwambia mkewe. Nilimwonya asiseme mapema. Hakusikia.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeyaona majina ya mwisho wa filamu. Tafsiri: P. Wafula.

Wafula ndiye mwenye studio. Mkenya, mtu wa suti, mtu wa kwaya. Hajatafsiri hata kikohozi. Jina langu halipo popote, hata kwenye shukrani, na humo amemshukuru mchungaji wake. Nilimuuliza. “Mwalimu, usijali, hizo ni mambo za ofisi tu. Wewe ni wa familia.”

Wa familia! Nilifundisha Kiswahili Morogoro miaka tisa. Hapa ni msusi, na Jules Street nzima hakuna anayejua nilikuwa nani. Nilitaka mstari mmoja wenye jina langu, mama auone kwenye televisheni yake. Mmoja tu. Ninamchukia Wafula. Nimeandika, nimesoma tena, na sifuti.

Ijumaa, 9 Mei

Amepitia kurasa za mwisho na kalamu nyekundu. Kila nilipoandika “mke wangu” amekata na kuandika “bibi yangu”. Anasema “mke” inakaa kavu, haina mapenzi.

Kwao Kenya bibi ni mke, ndivyo wanavyosema majumbani. Kwa akina Byamungu, Bukavu, ni vivyo hivyo. Kwetu bibi ni mama mzaa mama. Kwa hiyo Dar wataona Torgrimu, akikumbuka siku ile ya mauaji, amepiga magoti kwenye theluji, amekumbatia maiti ya mkewe, binti wa miaka ishirini na ushee, analia: “Wameniulia bibi yangu!” Halafu dakika kumi za kuapa mbele ya mungu mwenye jicho moja kwamba atalipiza kisasi cha bibi yake.

Studio nzima Mtanzania ni mimi peke yangu. Kazi yangu ilikuwa kusema. Nilirudisha kurasa mezani nikamwambia ziko sawa. Jina ni lake, basi na aibu iwe yake. Nimelala vizuri mchana huu, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Jumamosi, 10 Mei

Byamungu alipita saluni kufanya mazoezi, kwa vile nyumbani kwake watoto wanamcheka. Alisimama katikati ya vioo, akafumba macho, akamlilia mke wa Torgrimu. Mama mmoja wa Burundi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu haijasukwa, alifuta machozi.

“Dada, iko muzuri?”

Nilimwambia safi kabisa. Nikaendelea kusuka.

Jumatatu, 12 Mei

Sehemu ya kilio imerekodiwa. Mara moja tu, bila kurudia. Wafula alimpigia makofi kupitia kioo. Nafasi ya kusema ilikuwepo leo pia. Baridi imeingia kweli, na skafu yangu nimeisahau kwenye basi.

Jumatano, 14 Mei

Wanunuzi watatu. Wawili wanaume na mama mmoja wa makamo, mpole. Byamungu alitoka zamu moja kwa moja, akasimama karibu na mlango na sare yake ya ulinzi.

Saa nzima ilikwenda vizuri. Kunguru waliwachekesha. Kwenye “ukumbi wa mashujaa” yule mama aliandika kitu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikajisikia mtu.

Kisha theluji, magoti, binti. “Wameniulia bibi yangu!” Mwanamume wa kwanza alikohoa. Wa pili akaguna. Torgrimu alipoapa kwa bibi yake mara ya tatu, wote watatu walikuwa wameshika mbavu, na yule mama anasema, “Jamani, bibi huyu mbona ana sura ya mjukuu?”

Nilimtazama Wafula. Nilikuwa nimeisubiri sura yake siku tano. Hakubadilika hata kidogo. Alitabasamu, akanyoosha kidole mlangoni: “Samahani sana. Huyu ndugu yetu ni Mkongo, wakisahau kidogo tu wanarudi kwa lugha yao. Tutabadilisha sauti.”

Wote wakageuka. Byamungu alivua kofia. Akasema, “Pardon, wakubwa.” Aliomba msamaha kwa neno aliloandikiwa!

Kurasa zenye wino mwekundu, nilizozichukua baada ya kurekodi, zilikuwa mkobani mwangu. Mkoba ulikuwa mapajani. Kuzitoa kungemuonyesha Wafula alivyo. Kungenionyesha na mimi, kwamba niliziona siku tano kabla. Mkoba sikuufungua. Kwenye filamu shoka la Torgrimu linamfikia Asgeiri tu. Langu limempata niliyemleta mwenyewe.

Ijumaa, 16 Mei

Wafula kapiga simu. Wamezichukua filamu zote. Wamesifu lugha, wanataka jina la Mtanzania kwenye tafsiri, liwatulize wakubwa wao. Jina langu litatokea. Mstari wa peke yake. Sauti ya Torgrimu itakuwa ya mtangazaji mmoja kutoka Dar.

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Kisha nikakaa kwenye kiti cha wateja nikajitazama. Sikujipenda.

Jumapili, 18 Mei

Byamungu alikuja baada ya kanisa, na koti lake zuri. Nilichemsha chai. Alikuja kuomba radhi. “Unisamehe, dada. Nilikuharibia kazi. Nitajifunza Kiswahili cha kwenu, wewe utanifundisha.” Alikuwa amenunua daftari.

Hapo nilishindwa. Nilimweleza yote, kalamu nyekundu, bibi, kimya changu. Nikazitoa zile kurasa nikaziweka mbele yake. Alizisoma polepole, kidole kwenye mstari.

“Ulijuaka tangu siku gani?”

“Ijumaa.”

Alihesabu moyoni, nilimwona. “Basi Jumamosi, pale kwa saluni, ulikuwa unajua.”

Nilisema ndiyo. Nikamwambia kesho nitawapigia wale wa Dar, niwaambie neno halikuwa lake. Sijui kama nitapiga. Nadhani naye hakuamini. Hakupaza sauti, hakutukana. Ningefurahi angetukana. Alichukua daftari lake, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

Mlangoni alisema, “Asante kwa chai, madame.”

Ndivyo anavyowaita wapangaji pale getini Hillbrow, wale asiowajua majina.