Aproni Mbili Kwenye Msumari

Chumba namba sita,
Nyumba za Wauguzi.
Jumapili, tarehe 14

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Hujambo huko? Goti limepona, au bado unapanda ngazi huku unanung'unika? Mimi mwili mzima, ila roho iko juu juu. Nimefanya kosa.

Ile bustani yetu nyuma ya chumba cha kufulia nilishakusimulia. Nyasi, miti miwili na benchi basi, lakini ukitoka wodini umechoka, dakika kumi pale zinakurudisha kuwa mtu. Tuna desturi: unatundika aproni kwenye msumari wa mlangoni, na aproni ikiwa pale, hakuna ruhusa ya kukuita.

Alhamisi mchana tulikuwa wawili, mimi na Mama Pacha wa wodi ya watoto, aproni zote mbili kwenye msumari mmoja. Nikawahi kuondoka, nikavaa aproni yake. Mfukoni mlikuwa na ufunguo wa kabati la dawa, na mimi huyo wodi ya wazazi, jengo la pili. Huku nyuma mtoto akashikwa na degedege. Mama Pacha akipapasa mifuko, anakuta peremende zangu. Dakika saba, dada, ndipo ufunguo ukafika. Mtoto yu salama, jana alinichekea na vijino vyake viwili. Mimi ndiye chakula hakipiti.

Sasa matroni anataka mlango wa bustani upigwe kufuli. Amenipa karatasi niandike kwamba chanzo ni yale mapumziko. Nikiandika hivyo, napata onyo tu. Nikikataa, kosa lote ni langu na huenda nikasimamishwa kazi. Wenzangu hawanisemi, ila naona wananiangalia mikono, nitaandika nini.

Nakuwaza wewe. Uliacha kazi hii baada ya miaka ya kulia ndani ya stoo ya mashuka, maana hapakuwa na pengine pa kulilia.

Basi nimeandika: "Kosa ni langu, sikuangalia mfuko. Mlango usifungwe. Tuongezeeni misumari." Napeleka kesho saa nne. Naogopa, sikufichi. Nimeisoma mara tisa.

Nisalimie shemeji na wanao, na mama mkwe wako asinisahau kwenye sala zake. Mungu akutunze, na goti alitazame.

Wakinisimamisha, nitakuja kwako. Wasiponisimamisha, njoo wewe, na ile aproni yako ya zamani uje nayo. Nataka uitundike pale, ukae, asikuite mtu.

Akupendaye siku zote,
Mdogo wako