Pua ya Bati kwenye Mlima wa Bihambwe

Siku ya tatu ya juma, 8 Juni 1955

Upumbavu umepata magurudumu manne! Leo asubuhi Bwana Mbio, yule mzungu wa shamba la pareto, amefika kwenye bariere yangu, ule mti unaofunga barabara, na gari lake jekundu la viti viwili. Juu ya kapo, kile kifuniko cha moteri, limeota pua. Pua ya bati, nene kama debe la mawese! Ameiagiza Ulaya kwa katalogi. Inanguruma kama dume la ng'ombe lililofungiwa zizini.

Barthélemy, makanika wake, ameketi kando yake kama askofu. Nikamuuliza hiyo ni dawa ya ugonjwa gani.

"Ni ya kuvuta hewa, Papa Sebarenzi. Zamani moteri ilikuwa inanyonya hewa ya moto chini ya kapo. Sasa inanyonya ya baridi, ya inje. Iko na nguvu mingi. Itapanda mbio kabisa."

"Nguvu ya bati?"

"Nguvu ya hewa, Papa."

Hewa! Miaka kumi na moja ninalinda bariere hii. Barabara ni nyembamba, magari hupanda kwa zamu. Gari likifika juu, Nzabandora wa bariere ya juu anapiga ngoma. Mimi nasikia, natazama saa ya ukutani, naandika kwenye kaye, daftari la serikali. Dakika za kila gari nazijua kuliko mwenye gari. Hili jekundu: thelathini na moja. Mara moja thelathini na mbili, kulikuwa na matope. Thelathini kamili? Haijatokea kamwe.

Nikayasema hayo yote, kwa sauti. Mashofere wawili wa kamyo za mizigo walikuwepo, na akina mama wenye vikapu vya mihogo. Nikaongeza — sijui kwa nini nikaongeza — maneno haya: "Barthélemy, tangu Pasaka unaniomba binti yangu Vestine. Bati hili likipandisha gari chini ya dakika thelathini na moja, Vestine ni wako. Likishindwa, usikanyage tena kiwanja changu!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Barthélemy akanipa mkono. Gari likaondoka.

Saa kumi jioni. Nilisahau kuandika matokeo. Sikusahau. Dakika ishirini na saba.

Nimewaambia watu wote kwamba mara moja si ushahidi. Mara tatu ndiyo ushahidi. Shofere mmoja kacheka: "Papa, na kama ni tatu utasema saba?" Wajinga hawajibiwi wote siku moja.

Siku ya tano, 10 Juni

Ishirini na saba tena.

Siku ya posho, Jumamosi, 11 Juni

Sikutoka. Nimesoma. Nina mabuku thelathini na manne, pamoja na buku moja la kamusi kubwa ya Kifaransa ambayo mapadri waliitupa kwa sababu ya panya. Ni la herufi A peke yake. Bahati nzuri, hewa kwa Kifaransa iko kwenye A.

Inasema hewa ya baridi ni nzito kuliko ya moto. Makanika amesema kweli! Kidogo. Lakini dakika nne? Hata ukiweka barafu kwenye moteri hupati dakika nne! Na juu huku milimani hewa yenyewe ni haba. Bati halizai hewa. Nimeandika kurasa tatu za hoja ili niwapelekee gazeti. Mwaka huu nimewaandikia mara tano. Walichapa moja, wakaondoa matusi, hakikubaki kitu ila tarehe.

Mke wangu Mukandori ameanza kuhesabu viti vya kuazima kwa majirani. Nikamuuliza vya nini. "Vya bure tu, Papa Vestine." Anaimba anapochagua maharage. Sipendi wimbo wake.

Siku ya kwanza, 13 Juni

Barthélemy amekuja kuniamkia, kofia mkononi. Tumebishana saa mbili nzima mbele ya kibanda. Mimi nikaleta kamusi. Yeye akaleta chujio la zamani la hewa ya moteri, limejaa vumbi jekundu, akalifungua mbele yangu. Nikamwambia: kumbe! Ulitoa chujio chafu, ukaweka safi. Ungesafisha lile la zamani ungepata nguvu ileile. Akaligeuza mkononi, akafikiri. Akasema: "Hapo Papa ananigusa. Inaweza kuwa njo vile. Lakini si yote."

Si yote! Kijana anayekubali nusu na kukataa nusu! Kwa miaka mingi hapa watu hunikubalia yote ili niondoke, au hunikataa yote bila kusikia.

Amesema pia kwamba kampuni moja inayotengeneza barabara kule Itebero inamtaka. Msitu, siku nne za miguu kutoka kwetu. Kama harusi hakuna, ataenda. Hapa ataona aibu. Vestine alikuwa ndani. Nikasikia sufuria ikianguka.

Siku ya tatu, 15 Juni

NIMESHINDA!

Leo nimemwachia Vestine saa na kaye (anaandika vizuri kuliko karani wa ofisi ya teritwari), nami nikapanda mlima kabla jua halijatoka, kwa njia ya mkato, mpaka kwa Nzabandora. Nilitaka kuona kwa macho yangu mwisho wa zile dakika ishirini na saba.

Mzee Nzabandora ameketi ndani ya kibanda, mgongo kwenye barabara, anamenya maharage. Tukaongea habari za magoti yake. Mara, kutoka chini kabisa, ngurumo ya lile dume la bati. Na yeye, bila kuinua kichwa, akachukua kijiti akapiga ngoma! Pa, pa, pa! Akarudi kwenye maharage.

"Nzabandora! Gari liko wapi?"

"Linakuja. Husikii?"

"Liko kona nne chini yetu!"

"Sasa litaenda wapi, Papa? Iko njia moja tu."

Zamani gari lilikuwa kimya, akawa anangoja alione kwenye kona ya mwisho ndipo apige. Sasa lina kelele, analisikia mbali, anamaliza kazi mapema. Hizo ndizo dakika nne! Pua haipandishi gari. Inapandisha mlio wake! Nimecheka mpaka nikashika mti wa bariere. Ulaya nzima watu wananunua bati ili wasikie mbio kwa masikio!

Bwana Mbio alipofika nikamweleza kwa Kifaransa safi. Akasema yeye anahisi tofauti. Anahisi! Barthélemy alichomoka garini, akasikiliza mpaka mwisho, akainama akacheka, machozi kabisa. "Papa, hii haikuwa ndani ya katalogi!" Kisha akaacha kucheka. Akaomba tupime mara moja ya mwisho, siku ya tano, na ngoma ipigwe gari likishasimama kwenye mti wa bariere. Nikakubali. Haki ni haki.

Nikateremka kama kijana. Nyumbani nikawasimulia yote. Mukandori akaacha kuimba. Vestine akaniwekea chakula mbele kama mtu anayetua jiwe.

Siku ya ine, 16 Juni

Hakuna aliyenibishia leo. Nimemwambia shofere wa kamyo ya chumvi kwamba mataifa yote ya Ulaya yameharibika kwa matangazo ya biashara. "Njo vile, Papa." Ndivyo hivyo, eti! Nikamwambia mwingine kinyume chake, kwa kumjaribu. "Njo vile, Papa." Siku nzima kama hii! Nani ataniletea chujio chafu na kuniambia "si yote"?

Nimehesabu tena. Hewa baridi, chujio safi, barabara kavu: labda nusu dakika. Labda. Lakini nilitoa neno mbele ya watu, na mtu wa maneno akila neno lake, anabaki na nini? Ningeweza kumpa Vestine hivihivi. Kisha mashofere waimbe mpaka Kashebere kwamba Sebarenzi ameshindwa na bati!

Jioni mtu kateremka na ujumbe wa Nzabandora: "Papa, kesho unataka ngoma ipigwe wakati gani? Sema tu."

Nimemjibu: gari likigusa mti wa bariere. Si kabla, si baada. Hata kama ni mimi mwenyewe nitakayekuomba vingine!

Siku ya tano, 17 Juni

Naandika hapahapa barierani, kaye moja kwa serikali, hii kwangu. Watu kama soko. Saa tatu kamili gari limeondoka. Barthélemy hakunitazama. Alimtazama Vestine.

Dakika kumi na tano. Mlio umepotelea nyuma ya mlima. Mukandori anafuma kikapu, anakosea.

Ishirini na tano.

Ishirini na saba. Ngoma kimya! Ule uongo umekufa mbele ya watu wote. Shofere mmoja kanipigia makofi: "Papa njo mwenye akili!" Nimemwambia anyamaze, nasikiliza.

Ishirini na tisa. Kimya. Vestine anatazama saa, hanitazami mimi. Nimemwambia kwamba hewa ya baridi ni nzito, iko kwenye kamusi, kwenye A. "Ndiyo, Papa."

Thelathini. Shofere yuleyule anasema imekwisha, bati ni bati. Nimemwita mjinga! Nimemwambia hajui habari ya chujio, hajui habari ya uzito wa hewa, na barabara imekauka, na bado kuna dakika nzima. Watu wote wamegeuka wananitazama.

Nusu ya hiyo dakika imepita. Vestine ameshika mkono wa koti langu, sijui tangu lini. Mshale wa sekunde unapanda. Arobaini. Arobaini na tano. Nzabandora, ndugu yangu, miaka kumi na moja hukuwa mwaminifu, umeona leo ndiyo siku ya kuanza? Unalisikia, najua unalisikia! Piga! Piga sasa, mzee, pi—