Kinga Imezidi

Jumatatu, 8 Desemba 2025

Mtihani wa kidato cha nne umeisha, kwa hiyo sasa mimi ndiye mtu wa kutumwa. Leo nimemsindikiza dada Rahabu hospitali kuchukua majibu. Ameolewa Lukozi, huu mwaka wa nne, hajashika mimba. Mwezi uliopita walimchukua ute wa mlango wa kizazi wakaupime. Maneno hayo niliyaandika kwenye mtihani wa baiolojia bila shida. Kuyasikia mbele ya dada — niliangalia sakafu!

Daktari, mama mpole, alisema kwenye ute huo kuna protini za kinga, kazi yake kupambana na vijidudu. Za dada zimezidi. Huenda zinazishambulia mbegu za mume, zikidhani ni vijidudu. Huenda. Hana uhakika. Shemeji Anord naye akapimwe kwanza.

Njiani dada akasema askari wake wa mwilini hawamjui shemeji yangu. Tulicheka mpaka nyumbani Magamba.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua. Dada alirudi kwake jana. Nimechambua maharage.

Jumamosi, 13 Desemba

Dada yuko hapa tena. Na begi.

Shemeji alimpa mama yake majibu kwa ufupi: daktari kasema Rahabu ana kinga. Basi! Mama mkwe anajua kinga moja tu, ya kuzuia mimba. Akasema, miaka yote hii nakuombea kanisani, kumbe mwenzangu unatumia kinga? Dada akaeleza, hakusikilizwa. Shemeji alikuwepo. Alikuwa anafunga kamba za buti.

Kesho wanakuja kuzungumza. Baba kasema aeleze aliyekuwepo kwa daktari. Yaani mimi! Mimi ambaye hata shikamoo yangu watu huniambia nirudie.

Jumapili, 14 Desemba

Wamekuja baada ya ibada. Mama Anord kaleta kabichi mbili, kazitua kwa hasira.

"Haya, msomi. Kinga gani hiyo?"

Nimesema. Ute nimeuita ute. Nimesema ni kinga ya mwili, kama ile inayopambana na mafua, haiuzwi dukani. Baba akakohoa.

"Kwa hiyo hajameza kitu?"

"Hapana, mama."

"Wala sindano?"

"Hapana, mama."

Akamtazama dada. Halafu, taratibu: "Na daktari alisema nini kingine?"

Shemeji akaniangalia. Ndipo nikajua — hajamwambia. Na hajaenda kupimwa.

Nikasema maji ya chai yanachemka.

Sasa niko jikoni. Dada amesimama mlangoni. Shemeji anaita kutoka sebuleni: lete chai tu, shemeji, mengine tutaongea wenyewe. Mama yake anamkatiza: njoo, mwanangu, njoo umalizie.

Sufuria hata sijaibandika.