Sura Zilizotoka Redioni

Liuli, Ziwa Nyasa
9 Juni 1996

Kwako dada yangu mpendwa Benadetha, huko Mkumbi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kahawa yenu inaiva vizuri. Baridi ya Juni ya huko kwenu naijua, usiliache lile sweta. Sisi huku ni wazima, goti langu tu ndilo linalonisumbua asubuhi, likishaota jua linanyamaza. Usipa, dagaa wetu wa ziwani, wameanikwa kila mahali, mchanga wote unameremeta.

Dada, habari ninayo ya Erasmo wangu. Sijisifu, lakini nani mwingine mwambao huu amezaa mtoto ambaye watu wanashuka kwenye gari Mbinga mjini kutazama kazi yake? Yuko Bwana mmoja pale anaitwa Hyasinti. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kahawa amejenga hoteli yenye ukumbi mrefu, na ugonjwa wake ni mpira. Alikuwa anakusanya picha za wachezaji na makocha kutoka kwenye magazeti na kalenda, anazibandika mpaka zinajikunja kwa moshi wa jikoni. Ndipo akataka za kuchorwa kwa rangi, timu nzima ya mkoa pamoja na kocha wao, wakubwa kama watu, ukutani. Hakumwita fundi wa Songea, alimwita mwanangu.

Sasa Erasmo hajawahi kumwona mchezaji hata mmoja wa timu ile. Bwana Hyasinti hakuuliza, na mwanangu hakusema. Yeye anawajua kwa redio. Si unajua redio ya huku, sauti ya mtangazaji inakuja na kupotea na upepo wa ziwa, na Erasmo hulala mchangani amefumba macho, anawaona. Mtangazaji akisema beki huyu hapitiki, yeye anamwona Meshack muuza mihogo alivyoziba mlango wa kibanda chake. Akisema kocha ametulia, anamwona katekista wetu Ignatio akingoja watoto wanyamaze. Hivyo ndivyo alivyowachora, kila mtu na jezi yake, na jina chini. Nilipokwenda kuwaona, jua la jioni lilikuwa limeingia dirishani, nikahisi wote wanapumua. Nikakaa kwenye benchi na kikapu changu, sijui niko Mbinga au niko nyumbani. Ilikuwa kama kijiji kizima kimepanda mlima kimyakimya na kuvaa jezi.

Mwezi uliopita timu yenyewe ikapita, ikaingia kula. Dada, walicheka mpaka wali ukapoa. Golikipa wao, anaitwa Urbani, mfupi mwenye upara, alisimama mbele ya jina lake akamtazama kijana mrefu aliyechorwa pale, akauliza, “Huyu nani amekaa kwenye jina langu?” Kocha alijitazama sana, kisha akasema yeye aachwe hivyo hivyo, maana yule wa ukutani anaonekana mtu wa kusikilizwa.

Bwana Hyasinti hakucheka. Wateja walianza kumtania kwamba ameajiri timu ya wavuvi. Akamwagiza Erasmo awafute wote, awachore upya kwa kutazama magazeti. Mwanangu hana kiburi, alikubali. Akafuta mabeki, Meshack wa watu akapotea chini ya chokaa. Alipofika kwa golikipa akashuka kwenye ngazi, akaweka brashi chini. Nilikuwepo, nimempelekea chakula. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, “Mama, huyu siwezi kumzamisha mimi.”

Dada, ni Raimundi wako. Siku ile ya kwanza nilimwona, nikajidanganya kuwa ni jua la jioni. Najua tangu ziwa limchukue mwanao na tusimpate, hujashuka tena huku, na jina lake hatulitaji mbele yako. Najua pia huna picha yake hata ndogo. Redio iliposema golikipa ameruka, yuko hewani, Erasmo hakumwona mwingine ila ndugu yake akijirusha kutoka kwenye mawe yetu, mikono mbele, anacheka. Amemchora hivyo hivyo, yuko hewani. Hajagusa maji.

Nilimwendea Bwana Hyasinti mwenyewe, na unanijua nikianza kuongea. Akasema uso uliotoka redioni yeye hawezi kujua kama ni wa mtu kweli, na mimi ni mama wa mchoraji, lazima nisifu. Akasema, “Aje mama yake. Akimtambua, hakuna atakayemgusa, na Urbani nitamtafutia ukuta mwingine.” Usipokuja, msimu wa kununua kahawa ukifunguliwa mwezi ujao atamfuta.

Sikuiti ziwani, dada. Nakuita Mbinga tu. Siku ya Watakatifu Petro na Paulo, ambayo ni Jumamosi, nitakungoja stendi tangu asubuhi. Tutaingia pamoja, na ukishindwa kuongea, mimi nitaongea kwa ajili yetu wawili.

Barua hii anakuletea Luisa, anayekuja huko kununua maharage. Atakupa na usipa wakavu, wapepete mchanga kwanza. Msalimie shemeji, wote wa huku wanakukumbuka. Erasmo anakuamkia sana, na ana jambo anakuomba. Raimundi alikuwa na kovu juu ya jicho moja, na yeye hakumbuki ni lipi. Pale juu ya macho yote mawili ameacha bila kumalizia. Anasema uje umwonyeshe kwa kidole.

Ni mimi mdogo wako,
Marselina, mama Erasmo